Dawa ya Jumatatu Haikufika Alhamisi

(Duka la dawa la mtaani, Dar es Salaam, saa nne usiku. Milango imeshafungwa. Taa ya tangi la samaki ndiyo pekee inayowaka, maana Bosi husahau kuizima. Ukutani lipo Bango la malaria lililopauka kwa jua. Juu ya tangi, kwenye rafu, zimepangwa dawa za samaki. Bosi si mbabaishaji: amesomea kazi yake, na mchana kutwa huwasisitiza wateja wamalize dozi. Naitaja sifa yake mapema, kwa kuwa waliomo humu hawataitaja kwa upole.)

KONOKONO: Tusikilizane. Nimepanda hadi kioo cha mbele ili mnione wote, na safari hiyo nimeianza alasiri. Atakayesema tuahirishe kikao ajiandae kunibeba.

MBUNA: Shikamoo Bibi.

KONOKONO: Marahaba, mwanangu. Mwili bado unawasha?

MBUNA: Mwili, mapezi, hadi matamvua. Nimejisugua kwenye mawe mpaka magamba yamebanduka. Wateja wakiniona wanasema, "Tazama anavyocheza!"

KONOKONO: Pole. Ajenda ni moja. Kesho Bosi analeta dawa nyingine. Nataka kujua anabadili kwa sababu gani. Afisa Kipimajoto, tusomee.

KIPIMAJOTO: Ahsante Mwenyekiti. Jumatatu ya wiki iliyopita Mbuna alionekana na madoa meupe machache kwenye mapezi, madogo kama punje za chumvi. Akateuliwa Bluu. Jumatano madoa yakaongezeka. Bluu akatenguliwa, akateuliwa Kijani. Ijumaa yakaongezeka tena. Kijani akatenguliwa, akateuliwa Chumvi, na hita ikapandishwa, nami nikatoka nyuzi 26 nikafika 30. Jumamosi madoa yakatoweka. Jana yamerudi, hayahesabiki. Bosi akapasua vidonge vya rangi mbili, unga wake akaumwaga humu. Leo jioni amempigia mtu simu kuagiza chupa mpya.

CHUMVI: Nipinge kidogo hapo kwenye "kama punje za chumvi". Tusihusishwe na ugonjwa.

BLUU: Wewe una la kupinga? Mimi niliteuliwa Jumatatu asubuhi, Jumatano mchana nimetenguliwa! Sikuambiwa kosa langu, wala sikupangiwa kazi nyingine. Nimerudishwa rafuni na kifuniko hakijakazwa.

MZEE CHUJIO: (Anaongea huku anakoroma. Hajawahi kupumzika tangu alipowashwa.) Usijitie huruma, Bluu. Hizo siku mbili zako zimeniachia msiba. Ndani yangu nina wapangaji, bakteria wanaokula amonia inayotoka kwenye matamvua ya hawa samaki, wakaigeuza naitraiti, na wenzao wakaimalizia iwe naitreti isiyo na madhara makubwa. Wapangaji wale ilinichukua wiki kadhaa kuwapata. Wewe umepita mara moja, nusu ya nyumba imebaki tupu. Jana ikaja hiyo antibayotiki, nayo ikachukua yake.

MBUNA: Ndiyo maana Jumapili nilikuwa juu ya maji nahema?

MZEE CHUJIO: Ndiyo maana. Amonia. Na maji yenu ya Ziwa Nyasa, haya ya mawe ya chokaa, huifanya amonia iwe kali zaidi. Bosi alipokuona unahema akasema, "Ugonjwa umefika mapafuni."

GOGOGO: Mapafuni! Samaki!

(Gogogo ni kambare wa Ziwa Victoria. Akikasirika huguna kwa kusugua miiba ya mapezi yake, na leo ameguna tangu Magharibi.)

KONOKONO: Alipima maji?

KIPIMAJOTO: Vipimo vya maji viko droo ya pili. Plastiki yake haijatolewa.

BANGO: Na mteja akija hapa na homa, anaambiwa, "Nenda kapime kwanza, usinywe dawa kwa kukisia." Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

KIJANI: Naomba nafasi. Kwa ugonjwa huu wa madoa, mimi, malakaiti, ndiye dawa ya siku nyingi. Niliingia humu Jumatano na nguvu zangu zote. Kabla ya jua kuzama nikawa sipo. Sikufukuzwa na mtu. Nilipotea tu. Naomba kikao kinieleze nilikwenda wapi.

(Kimya. Chujio anakoroma kwa sauti ndogo kuliko kawaida.)

KONOKONO: Mzee Chujio?

MZEE CHUJIO: Nilikumeza.

KIJANI: Nini?

MZEE CHUJIO: Tumboni nina mfuko wa mkaa wa kuchujia. Kazi yake ni kunyonya rangi, harufu na dawa kwenye maji. Ukitia dawa, unautoa kwanza. Ukimaliza matibabu, unaurudisha usafishe masalia. Kibandiko chako kinasema hivyo, nimekisoma kwa kupitia kioo. Bosi hakuutoa. Saa chache tu ulikuwa umeisha.

BLUU: Kumbe na mimi nilimezwa!

MZEE CHUJIO: Na wewe. Ila ulipita kwa wapangaji kabla ya kufika kwenye mkaa.

KONOKONO: Basi Kijani alihukumiwa kwa kushindwa mechi ambayo hakuingia uwanjani.

GOGOGO: Mimi namshukuru Mungu kwamba hakuingia. Ndugu zangu, sina magamba. Dawa inayopita polepole kwa Mbuna, kwangu inaingia moja kwa moja. Samaki wa aina yangu wanatakiwa nusu ya dozi. Bosi akasoma ubavuni mwa tangi, "Lita 200", akapiga hesabu ya lita 200. Hayo mawe yamechukua nafasi ya nani? Na huko juu palipoachwa wazi? Maji yaliyomo hayafiki hata 170. Ningekunywa dozi ya mtu mwenye magamba, kwenye tangi kubwa kuliko hili.

CHUMVI: Mwenyekiti, tusipotezewe muda na walioshindwa. Matokeo yanajieleza. Niliingia Ijumaa, Jumamosi madoa hayapo. Bosi mwenyewe alisema, "Kumbe dawa ilikuwa jikoni muda wote!" Akaniandika kwenye daftari. Sasa nashangaa, jana badala ya kuniongeza...

SAUTI KUTOKA CHINI: Hodi wenyewe.

KONOKONO: Nani huyo?

SAUTI: Hapa chini, kwenye changarawe. Mkitazama vizuri mtaona kijifuko kama ute. Jina langu la vitabuni ni Ichthyophthirius multifiliis, lakini tusisumbuane, niiteni Kimelea. Sikutaka kuingilia kikao cha watu. Ila huyu bwana Chumvi anajivika sifa zangu.

MBUNA: Ndiye huyu! Ndiye aliyenikaa mgongoni!

KIMELEA: Si mgongoni, mwanangu. Chini ya ngozi. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe, kwa kuwa mmenifadhili wiki nzima na sipendi deni. Nikiwa kwako, niko chini ya ngozi yako, nakula. Dawa inapita juu. Bluu alipita, Kijani angepita, mimi niko chini nakua. Lile doa jeupe ndiyo mimi nimeshiba. Nikishiba naondoka mwenyewe, sifukuzwi. Nadondoka kwenye changarawe, najifungia kwenye kijifuko hiki, nagawanyika. Wawili, wanne, wanane, hadi mamia. Tukijaliwa tunakaribia elfu. Na humu kwenye kijifuko vilevile dawa haifiki.

CHUMVI: Kwa hiyo Jumamosi...

KIMELEA: Jumamosi tulikuwa tumeshuka kwa ratiba yetu. Ungekuwa umemwagwa wewe, au soda, au kisingemwagwa chochote, madoa yangetoweka siku ile ile. Usinielewe vibaya: wewe ukitiwa kwa kipimo na ukaachwa siku za kutosha, unatuua. Lakini ulitiwa kijiko cha chai kwenye lita mia na sitini na kitu.

GOGOGO: (Anaguna.) Na daftarini ameandikwa!

KONOKONO: Dawa inakupata lini, basi?

KIMELEA: Swali hilo laiti Bosi angeliuliza. Inatupata tukipasua kijifuko tukatoka kuogelea kutafuta samaki. Wakati huo tuko uchi. Tuna kama siku mbili za kumpata samaki, tukikosa tunakufa wenyewe. Dawa ikiwa ndani ya maji saa hiyo, hatuna pa kukimbilia. Mzunguko mzima, kwenye maji ya joto kama ya Dar, hauzidi wiki moja. Kwenye maji baridi ya nyuzi 10 ni zaidi ya mwezi. Ndiyo maana wanaojua hupandisha joto kidogo, wakatuharakisha tutoke tukutane na dawa. Na hawaachi dawa madoa yanapokwisha. Wanaendelea siku kadhaa, wakitungoja.

KONOKONO: Na kwetu humu?

KIMELEA: Kwenu kila tulipokaribia kutoka, tulikuta dawa imebadilishwa, ya zamani imenyonywa na mkaa, mpya haijakolea. Mwambieni Bosi aendelee vivyo hivyo. Sisi hatuna malalamiko.

(Hapa mtu angetarajia samaki wamshambulie. Lakini Mbuna amechoka, na Gogogo anajua kwamba kula kijifuko kimoja wakati vimetapakaa mia ni kujifurahisha tu.)

MBUNA: Lakini Bibi, Bosi nimhukumu vipi? Aliona madoa yanaongezeka akiwa ametia dawa. Mtu aone mgonjwa wake anazidiwa, akae tu?

BANGO: Swali hilo ndilo lililonileta ukutani hapa. Nilibandikwa dawa mseto ilipoingia nchini, mwishoni mwa 2006. Kabla yangu palikuwa na bango la dawa iitwayo SP, na kabla ya SP watu walimeza klorokwini na kujikuna usiku kucha. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001, ikaiacha SP baada ya miaka mitano tu. Mnadhani waliamua kwa kumtazama mgonjwa mmoja aliyeamka na homa? Walichukua wagonjwa waliopimwa damu, wakawapa dozi kamili mbele ya macho yao, wakawapima damu tena na tena. Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya malaria ikishindwa kwa zaidi ya wagonjwa 10 katika 100, nchi ibadili. Dozi kamili. Hesabu inaanzia hapo. Aliyekunywa nusu haingii kwenye hesabu.

KIJANI: Na aliyemezwa na mkaa?

BANGO: Naye haingii.

MBUNA: Kwetu Malawi waliiacha klorokwini mapema zaidi.

GOGOGO: Kwenu! Wewe umezaliwa kwenye ndoo, Kariakoo.

MBUNA: Ukoo hauzaliwi ndooni.

BANGO: Anasema kweli. Malawi iliiacha mwaka 1993, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Na waliiacha kwelikweli, maduka yakaacha kuiuza. Vimelea visivyoisikia klorokwini vikapungua mpaka vikatoweka. Utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha watoto waliotibiwa kwa klorokwini wakipona karibu wote. Dawa iliyokuwa imekufa ilifufuka kwa kupumzishwa.

BLUU: Mnasikia? Tuliopo rafuni tuna matumaini.

KIMELEA: Samahani, huyo wa malaria ni jamaa wa mbali tu, msinitwishe mambo yake. Mimi sijawa sugu kwa chochote humu. Sijapewa nafasi ya kuonja dawa moja nikaimaliza.

KONOKONO: Nimesikia. Basi naona uamuzi ni mwepesi. Kesho Bosi akija na chupa yake, na abaki na Kijani, atoe mkaa, apunguze dozi kwa ajili ya Gogogo, asubiri. Tufunge kikao?

KIDONGE CHA RANGI MBILI: (Nusu ya ganda lake inaelea karibu na pampu ya hewa, nyekundu kwa nyeusi.) Msifunge. Mimi ni tetrasaiklini. Nilikuja humu kwa makosa, hilo nakubali. Huyo Kimelea si bakteria, simgusi hata nikitaka. Lakini nilipomwagwa jana niliona kitu ambacho ninyi mmekitazama wiki nzima bila kukiona. Yule mdogo wa bluu aliyejificha nyuma ya jiwe, mdomo wake mmeuona?

MBUNA: Mdogo wangu? Ana madoa kama mimi.

KIDONGE: Hana doa hata moja. Ana ute mweupe mdomoni mithili ya pamba, na kiraka cha kijivu mgongoni kilichokaa kama tandiko. Ule ni ugonjwa wa bakteria, Flavobacterium columnare. Bosi alitupa jicho, akaona weupe, akaweka wote kwenye kapu moja. Na ugonjwa ule kwenye maji ya moto huenda mbio. Siku mbili tatu unaweza kumaliza samaki.

(Wote wanamgeukia Kipimajoto.)

KIPIMAJOTO: Mimi husoma tu. Siamrishi.

KONOKONO: Uko ngapi sasa?

KIPIMAJOTO: Thelathini na nusu.

GOGOGO: Kwa hiyo joto linalomwadhibu Kimelea ndilo linalomchochea yule mwingine?

KIDONGE: Ndivyo. Na kwa yule mdogo, hadithi ya "subiri dozi iishe" ni hukumu ya kifo. Anachotibiwa sicho anachougua, kwa hiyo hakuna dozi ya kumalizwa. Anatakiwa abadilishiwe usiku huu: atengwe kwenye ndoo yake, joto lishuke, apate dawa ya bakteria.

KONOKONO: Wewe ni dawa ya bakteria. Upo humu. Kwa nini hajapata nafuu?

KIDONGE: Mawe, Bibi. Haya matumbawe na chokaa mliyojaziwa ili maji yafanane na ya Nyasa, yana kalisi. Kalisi inaning'ang'ania, sifiki kwa mgonjwa. Kila siku Bosi anamwambia mteja, "Hii usinywe na maziwa," kwa sababu hiyo hiyo. Kisha amenimwaga kwenye tangi ambalo kwangu mimi ni maziwa matupu.

(Bango linatikisika kwa kicheko, au ni feni.)

MBUNA: Mdogo wangu nilimwona anakataa chakula. Nilidhani ananiigiza.

KONOKONO: Basi tumeingia pabaya. Nilitaka azimio moja, sasa yamekuwa mawili yanayopigana. Kwa Mbuna, asibadili. Kwa mdogo wake, abadili jana.

MZEE CHUJIO: Hayapigani, Bibi. Ukijua nani anaumwa nini, yanakaa kila moja na ndoo yake. Ila kwa Bosi yatafika kama sentensi moja, "Dawa haifanyi kazi," na jibu lake kwa sentensi hiyo mnalijua.

GOGOGO: Wiki iliyopita mama mmoja aliingia na mtoto, akamwambia Bosi, "Ile dawa ya maji ya jana haijamsaidia, nipe nyingine kali." Bosi alimpa somo la nusu saa. Alimwambia siku moja haitoshi kuihukumu dawa. Alimuuliza alimpa kijiko gani, saa ngapi, kama alitapika. Alimtazama mtoto machoni na mdomoni, akaona shingo imekakamaa, akasema, "Huyu si wa dawa ya duka, mpeleke hospitali sasa hivi." Nilijivunia kuishi kwake. Kisha akageuka akamwaga chumvi.

BLUU: Pengine kwetu ana haraka kwa sababu hatumlipi.

KIJANI: Au kwa sababu hatusemi. Mteja anayetapika anasema ametapika. Mbuna anahema tu, na kila anayemtazama anatafsiri anavyotaka.

BANGO: Mimi nadhani ni hofu. Mtu akiogopa mikono inatafuta kazi. Kusubiri si kazi inayoonekana, na mke mwenza wa kusubiri ni kulaumiwa: samaki akifa ukiwa umesubiri, ulizembea, akifa ukiwa umetia dawa tano, ulijitahidi.

KONOKONO: Ahsante kwa hekima zako, lakini mimi nataka azimio. Tunamfikishiaje?

GOGOGO: Mdogo alale mbele, kwenye kioo, mdomo nje ya mawe, auonyeshe.

MBUNA: Akiweza kuogelea.

GOGOGO: Nitamsukuma.

KONOKONO: Na vipimo vya maji?

BANGO: Viko droo ya pili. Hapo hatuna mkono.

(Wanajadili hadi alfajiri. Kimelea amenyamaza. Kijifuko chake kina nyufa. Saa mbili kasoro ufunguo unaingia mlangoni. Bosi anaingia, anavua viatu vya mvua, anaweka mkoba juu ya kaunta, anatoa kifurushi.)

CHUMVI: Amekuja na nini?

KIJANI: Chupa mpya. Ndogo, kifuniko chekundu. Nzito.

MZEE CHUJIO: Mkaa ameugusa?

KIJANI: Hajaugusa.

GOGOGO: Ameuona mdomo wa mdogo? Nimemshikilia hapa mbele tangu Alfajiri, mapezi yamekufa ganzi!

BANGO: Anautazama. Anainama. Amevaa miwani... Amesema, "Hee."

MBUNA: "Hee" ya nini?

BANGO: Bado. Anatazama tena. Sasa anatafuta ndoo.

MZEE CHUJIO: Alhamdulillahi.

BANGO: Amepata ndoo. Anaijaza bombani.

KIPIMAJOTO: Bombani! Na klorini yake?

BANGO: Ameiweka chini. Anasema ataiacha itulie mpaka jioni.

MBUNA: Jioni?

KONOKONO: Na hiyo chupa nyekundu, ameirudisha?

KIJANI: Ameishika mkononi. Anasoma kibandiko.

KONOKONO: Kinasemaje?

KIJANI: Ni cha Kijerumani.

BLUU: Wewe si ulitoka huko?

KIJANI: Nilifungashwa huko tu. Ngoja. Kuna picha ya samaki, hiyo imewekewa alama ya ndiyo. Kuna picha ya konokono.

KONOKONO: Na konokono amewekewa nini?

KIJANI: Mstari mwekundu, Bibi. Umempitia katikati. Hiyo ni dawa ya shaba. Bibi?

GOGOGO: Usimwite. Alishatoka majini mlipotaja kifuniko, sasa yuko juu ya ukingo. Kwa mara ya kwanza namwona akikimbia.